Santuri ya Selda ya mwaka 1976: shtaka lililopigiwa ngoma

Santuri ya Selda Bağcan iliyotolewa mwaka 1976 na kampuni ya Türküola, yenye jina fupi la Selda, ni bidhaa inayouzwa kwa sifa moja na kukumbukwa kwa sifa nyingine. Nje ya Uturuki huwekwa mara nyingi kwenye rafu ya muziki wa kuchezea, pamoja na fanki na roki ya miaka ya sabini, na wanaoiweka hapo hawakosei kabisa, kwa kuwa ngoma zake zinapigwa kwa nguvu, besi inatembea bila kuchoka, na saz, ile ala ya nyuzi yenye shingo ndefu, imeunganishwa na umeme mpaka inanguruma. Anayeelewa Kituruki, hata hivyo, anasikia mambo mengine katika mdundo uleule: theluji inayowaangukia maskini, mikono iliyoota sugu, kijiji ambacho habari zake hazijaandikwa popote. Uhakiki huu unaishughulikia zaidi tofauti hiyo kati ya kinachochezwa na kinachosemwa, kwa sababu ndiyo itakayoamua kama mnunuzi atapata santuri nzima au nusu yake.

Msanii mwenyewe alizaliwa Muğla, kusini-magharibi mwa Uturuki, mwaka 1948, akasomea uhandisi wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Ankara, na akaanza kutoa santuri ndogo mwaka 1971, akiimba nyimbo za jadi za Anatolia kwa sauti yake na gitaa pasipo madoido. Miaka mitano baadaye, katika albamu hii, amezungukwa na watu wa namna nyingine. Wapo Moğollar, kundi lililoundwa mwaka 1967 na ambalo lilikuwa miongoni mwa waasisi wa mtindo ulioitwa Anadolu pop, yaani nyimbo za vijijini zilizovikwa gitaa la umeme, besi na kinanda. Yupo Arif Sağ, mmoja wa mafundi wakubwa wa saz wa kizazi chake. Yupo pia Zafer Dilek, mpiga gitaa na mpangaji wa muziki aliyekuwa hodari wa kuchukua wimbo wa zamani na kuufanya uchezeke. Mtu akiyasoma majina hayo peke yake, bila kujua kinachoimbwa, ana haki ya kudhani kwamba ananunua muziki wa sherehe.

Wimbo unaostahili kusikilizwa kwanza ni «İnce İnce», ulioandikwa na Âşık Mahzuni Şerif, aliyeishi kati ya 1940 na 2002. Mahzuni alikuwa aşık, mshairi anayejipigia saz na kuimba mashairi yake mwenyewe, na alitoka katika jamii ya kidini ya Waalevi, ambao ushairi wao umezoea kwa karne nyingi kusema na wenye nguvu kwa lugha ya kuzunguka. Pir Sultan Abdal, mshairi wao wa karne ya 16, alinyongwa Sivas na beti zake zinaimbwa hadi leo. Katika santuri hii, kabla Selda hajafungua kinywa, saz ya umeme inarudia kijisehemu kimoja kifupi, ngoma zinakiitikia kwa mapigo mazito, na msikilizaji anakuta tayari amekwisha kukubali jambo ambalo hajaelezwa. Ndipo maneno yanapoingia. Theluji laini inawanyeshea maskini, chembe baada ya chembe, na mwimbaji anauliza kwa nini majaliwa hayaliamini neno la mnyonge.

Swali hilo linaelekezwa kwa «felek», neno ambalo katika nyimbo za Anatolia hutumika kwa majaliwa, mbingu inayozunguka na kugawa mafungu ya watu. Ni mlengwa wa heshima na usio na hatari, kwa kuwa hakuna askari atakayemkamata mtu kwa kuilaumu mbingu. Hata hivyo, wasikilizaji wa 1976, wakiwa katika nchi iliyokwisha kuonja shinikizo la majeshi la Machi 1971 na iliyokuwa ikipita katika miaka ya machafuko ya kisiasa, hawakuhitaji kuambiwa nani hasa alikuwa haamini neno la maskini. Walioimbiwa vijembe tangu utotoni hawahitaji kutajiwa jina la aliyekusudiwa, na katika hilo wasikilizaji wa Kiswahili wamo nyumbani kabisa.

Kinachoufanya wimbo huu kuwa kazi ya sanaa, zaidi ya kuwa malalamiko yenye mdundo mzuri, ni kwamba una mwendo wa aina mbili kwa wakati mmoja. Ngoma na saz zinakwenda mbio, zimekazwa, hazimsubiri mtu. Selda anaimba juu yake kwa mwendo wa polepole, akizivuta irabu kwa sauti iliyofunguka yote, namna ile ya mtu anayeita kutoka upande mmoja wa bonde kwenda wa pili. Hatetemeshi sauti ili aonewe huruma, na wala halii. Mdundo unaendelea kuwa wa furaha bila kujali anachosema, na kutojali huko kwa mdundo kunageuka kuwa sehemu ya maana: theluji nayo haijali inamwangukia nani. Nimesikia matoleo ya wimbo huu yanayoimbwa kwa saz peke yake, kwa huzuni ya wazi, na ingawa ni mazuri, yanampa msikilizaji nafasi ya kuhuzunika kisha akaendelea na shughuli zake. Toleo la 1976 halimpi nafasi hiyo, kwa sababu mwili wake umekwisha kuingizwa katika jambo hilo kabla akili haijafika.

«Yaz Gazeteci Yaz» unafanya kazi ileile kwa njia ya moja kwa moja zaidi. Jina lake ni amri: andika, mwandishi wa habari, andika. Vinanda vya umeme vinatoa milio ya ajabu inayokumbusha filamu za safari za anga, na kwa mara ya kwanza mtu anaweza kucheka, maana wimbo unaodai habari za kijiji ziandikwe umepambwa kwa sauti za sayari nyingine. Baada ya kuusikiliza tena niliona kwamba upambaji huo si utani mtupu. Kijiji kinachoimbwa hapa hakiombi kuonewa huruma kama kitu cha kale. Kinadai nafasi katika gazeti la leo, kwa ala za leo. Kiitikio chake, kwa kuwa ni kifupi na kinarudi upesi, kimetengenezwa ili watu wengi wakiimbe pamoja, na hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya maombolezo na wimbo wa aina hii. Maombolezo yana msikilizaji. Kiitikio kina washiriki, na aliyekwisha kukiimba hawezi tena kusema kwamba hakusikia.

Mdundo huo wa furaha ulikuwa na sababu za vitendo pia. Shirika la utangazaji la taifa, TRT, lililoanzishwa mwaka 1964, lilikuwa ndilo mwenye redio na televisheni pekee nchini hadi mwanzoni mwa miaka ya tisini, na bodi yake ya ukaguzi ilipitia nyimbo na kuamua zipi zipigwe na zipi zisipigwe, ikiangalia maneno, matamshi, hata namna ala za jadi zilivyochanganywa na za kigeni. Muziki ambao haukupita katika mlango huo ulilazimika kujitafutia njia kwa santuri na kanda, na santuri na kanda zilipigwa majumbani, harusini, katika mabasi ya masafa marefu na katika mabweni ya wafanyakazi ng'ambo. Türküola yenyewe ilikuwa kampuni ya Köln, katika Ujerumani Magharibi, iliyowahudumia Waturuki waliohamia huko kufuatia mkataba wa kuajiri wafanyakazi uliotiwa saini Oktoba 1961. Wimbo uliotaka kuishi katika mazingira hayo ulipaswa kufaa harusini. Mtu aliyetoka zamu ya kiwandani Jumamosi jioni hakutafuta hotuba. Alitafuta kitu cha kumwinua kwenye kiti, na kama kitu hicho kilizungumza pia kuhusu kijiji alichokiacha, kilimfaa mara mbili.

Hapa naachana na maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu muziki huu, kwamba furaha yake ilikuwa pazia la kuficha ukosoaji usionekane na dola. Maelezo hayo yanavutia, lakini historia ya msanii mwenyewe inayakanusha. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya tarehe 12 Septemba 1980, Selda alifungwa mara tatu kati ya 1981 na 1984, na pasipoti yake ikazuiliwa hadi 1987, kiasi kwamba mwaka 1986 alishindwa kwenda Uingereza kutumbuiza katika tamasha la WOMAD alikokuwa amealikwa. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, na waliomfunga hawakuwa wajinga. Walielewa maneno barabara, mdundo au pasipo mdundo. Furaha ya muziki haikuwaficha wasikilizaji wa nyumbani kitu chochote. Kazi yake ilikuwa kuyafikisha maneno mahali pengi kuliko ambavyo karatasi au jukwaa la siasa lingeweza.

Aliyefichwa maana ni msikilizaji wa mbali. Mwaka 2006 kampuni ya Finders Keepers ya Uingereza iliitoa upya albamu hii, na kuanzia hapo ikawa kitu cha kutafutwa na wapiga santuri wa kumbi za Ulaya na Marekani. Mwaka 2009 mwanamuziki wa rap Mos Def alikichukua kipande cha «İnce İnce» na kukijengea juu yake wimbo wa kwanza wa albamu yake The Ecstatic. Ni haki kusema kwamba yeye aliuheshimu uzito wa alichokichukua, kwa kuwa alikitanguliza kwa sauti ya Malcolm X akihutubia, na kwa hiyo kipande kile cha saz kiliangukia tena mikononi mwa mtu mwenye lake la kusema. Si kila aliyekitumia baada yake alikuwa na uangalifu huo. Leo wimbo kuhusu theluji inayowaua watu taratibu hupigwa kwenye karamu za paa za majengo marefu, watu wakiinua mikono juu, na hakuna anayefanya kosa lolote. Ni kwamba tu bidhaa imeuzwa bila maelezo yake.

Santuri yenyewe ina kasoro, na mnunuzi anastahili kuzijua. Albamu inachanganya nyimbo za kudai haki na nyimbo za jadi kama «Dam Üstüne Çul Serer» na «Yaylalar», na ingawa mchanganyiko huo una mantiki yake, maana nyimbo za jadi ndizo zinazozipa zile nyingine uhalali wa kuonekana za watu wote, mpangilio wa muziki unabadilika mno kutoka wimbo hadi wimbo. Hapa unasikia kundi zima la roki likiwaka moto, pale unasikia gitaa na sauti ya pekee, kisha kinanda kinajitokeza bila sababu na kutoweka. Anayetaka santuri yenye sura moja toka mwanzo hadi mwisho atakereka. Wakati mwingine vinanda vimepewa nafasi kubwa kuliko saz, na kwa sikio langu hilo ni kosa, kwa kuwa milio ya vinanda vya miaka ile imezeeka ilhali saz haijazeeka hata kidogo. «Nasırlı Eller», ambao jina lake linataja mikono yenye sugu, unafaidika kwa kuachwa mtulivu kiasi, na natamani wapangaji wangekuwa na ujasiri huo mahali pengine pia.

Ili kupima thamani ya albamu hii inafaa kuiweka kando ya kazi nyingine za jadi hiyohiyo. Wa karibu zaidi kwa wakati ni Cem Karaca, mzaliwa wa Istanbul wa mwaka 1945, na wimbo wake «Tamirci Çırağı» wa 1975, alioufanya na kundi la Dervişan. Ni roki yenye nguvu, ya kupigia mguu chini, na inasimulia hadithi ya kijana mwanagenzi katika gereji ambaye anampenda msichana wa kitajiri aliyeleta gari kutengenezwa. Kijana amesoma riwaya ambamo mambo kama hayo huishia vizuri. Anakataa kuvaa ovaroli siku hiyo, anachana nywele na kungoja. Msichana akirudi anamwona mzururaji tu. Fundi mkuu anampiga mgongoni na kumwambia asahau riwaya, avae ovaroli, yeye ni mfanyakazi na abaki mfanyakazi. Karaca anaficha tofauti za kitabaka ndani ya kisa cha mapenzi, na kwa usimulizi amemzidi Selda, kwa sababu mtu hata asiyejali siasa atataka kujua kijana yule alipatwa na nini. Lakini sentensi ya mwisho ya fundi inaweza kusikika kama kejeli, kama ushauri, au kama wito wa kujivunia kazi, na hali hiyo ya kuwa na sura tatu imeufanya wimbo udumu kuliko nyimbo zake za maandamano zilizosema kila kitu waziwazi. Karaca naye aliishia uhamishoni Ujerumani Magharibi, akavuliwa uraia mwaka 1983, na akarejea nyumbani mwaka 1987.

Karibu miongo minne baada ya santuri ya Selda, Juni 2013, kundi la Kardeş Türküler, ambalo lilianzia katika klabu ya ngoma za jadi ya Chuo Kikuu cha Boğaziçi mwaka 1993, lilitoa wimbo «Tencere Tava Havası» wakati wa maandamano ya kutetea Bustani ya Gezi kando ya uwanja wa Taksim. Usiku wakazi wa Istanbul walikuwa wakigonga masufuria na vikaango madirishani, na Recep Tayyip Erdoğan, waziri mkuu wa wakati huo, alikuwa ameibeza kelele hiyo kwa msemo wenye vina kwamba masufuria na vikaango ni wimbo uleule wa siku zote. Kundi likauchukua msemo huo ukawa jina, likayachukua masufuria yakawa ngoma, na matokeo yake ni mojawapo ya rekodi za furaha kuliko zote nilizozisikia kutoka nchi ile. Maneno yake yanachekesha yanapouma: anayeshindwa kuuza kivuli cha msitu huuuza msitu wenyewe, sinema imefungwa, uwanja umefungwa, kila upande ni maduka makubwa, na mwimbaji hana hamu ya kupita kwenye daraja lile. Kila kimoja kilikuwa na anwani yake halisi. Jumba la sinema la Emek lilikuwa limebomolewa mwaka huohuo, na msingi wa daraja la tatu la mlangobahari wa Bosphorus ulikuwa umewekwa tarehe 29 Mei 2013, siku chache tu kabla.

Hapakuwa na jambo la kufichwa hapo. Kama ilivyo kwa Selda, furaha ilikuwa njia ya usafiri. Yapo pia mambo yanayouunganisha wimbo huo na «Yaz Gazeteci Yaz» kwa namna ambayo hakuna mtunzi angeweza kuipanga: katika usiku wa mwanzo wa maandamano hayo, wakati moshi wa kutoa machozi ukitanda Taksim, chaneli moja ya habari ilikuwa ikirusha filamu kuhusu maisha ya pengwini. Amri ya mwaka 1976, andika mwandishi wa habari, ilikuwa bado haijatekelezwa. Dosari ya «Tencere Tava Havası» ni kwamba umefungwa mno na mwezi wake. Asiyeijua sinema ile na daraja lile atafurahia masufuria na kukosa mengine, na hilo halitatokea kwa theluji inayowaangukia maskini, ambayo haina tarehe.

Ukosoaji uliofichwa kwelikweli, uliofichwa hata kwa anayeelewa lugha, tunaukuta kwa Tarkan, nyota wa pop ambaye dunia ilimjua kwa «Şımarık» wa mwaka 1997. Tarehe 17 Februari 2022 alitoa «Geççek», wimbo mwepesi wa kuchezea unaosema kwamba hili nalo litapita, waridi la matumaini litachanua, na siku hiyo tutavaa matoazi ya vidoleni tucheze. Hautaji serikali, wala chama, wala bei ya kitu chochote. Nchi ilikuwa inatoka katika janga la korona, na mfumuko rasmi wa bei wa Januari 2022 ulikuwa asilimia 48.69 kwa mwaka. Tarkan aliueleza kuwa wimbo wa kuwapa watu moyo. Hata hivyo, mstari mmoja unasema «gitcek, geldiği gibi gitcek», kitaondoka kama kilivyokuja, au ataondoka kama alivyokuja, kwa kuwa kitenzi cha Kituruki hakilazimishi kuchagua. Na kila mtoto wa shule wa Uturuki anayajua maneno yanayonasibishwa na Mustafa Kemal alipoziona meli za kivita za mataifa ya kigeni zikiwa Istanbul Novemba 1918, kwamba wataondoka kama walivyokuja. Wapinzani wa serikali waliusikia mara moja na kuukumbatia, na wafuasi wa serikali walikasirika kiasi cha kuthibitisha kwamba nao wameusikia.

Kwa ustadi wa kuficha, Tarkan anastahili alama zote. Kwa kila kitu kingine nina mashaka. Wimbo unaoweza kuimbwa na mpinzani wa rais, na mgonjwa anayengoja homa ishuke, na mwanafunzi anayechukia mtihani, umejilinda vizuri sana, lakini pia umejiondolea wajibu wa kumjua yeyote kati yao. Hakuna maskini ndani yake, hakuna fundi, hakuna msitu. Unaahidi mwisho wa kitu usichokitaja, na ahadi ya namna hiyo haiwezi kudaiwa. Nilipoisikiliza Selda baada ya «Geççek» nilielewa kwa nini albamu ya 1976, yenye mipangilio isiyolingana na vinanda vyake vilivyochuja, bado inanishika. Kila wimbo wake wa kulalamika una mtu ndani yake, na mtu huyo ana mikono, ana njaa, ana jambo la kuuliza.

Kwa hiyo ninaipa Selda nyota nne na nusu kati ya tano, nusu ikikatwa kwa sababu ya kuyumba kwa mipangilio na kwa vinanda. Anayenunua santuri ya kushika mkononi ahakikishe kwanza kama toleo analolichukua lina mashairi na tafsiri; kama halina, itambidi ayatafute mwenyewe, nayo ni kazi ya saa moja hivi mtandaoni, wala asiiache kwa kudhani kwamba sauti inajieleza. Anayesikiliza kwa simu atayakuta majina ya nyimbo peke yake, mara nyingine bila hata jina la Mahzuni, na hiyo ni dhuluma kwa aliyetunga. Ningeshauri aanze na «İnce İnce» bila maneno yoyote mbele yake, acheze akitaka, kisha asome, kisha ausikilize tena kwa sauti kubwa kidogo; na spika ndogo za simu zitaimeza besi yote, kwa hiyo avae vipokea sauti vya masikioni au aunganishe na spika yenye nguvu.